Gereji ya Wasomaji: Subaru ya Turbo Iliyokula Miaka, na Kazini Bado Inaenda

Barua nyingi tulizopokea zinauliza kuhusu gari lilelile kwa majina tofauti: Subaru ya turbo yenye injini ya EJ20, iwe Impreza WRX ya chesisi GDA au Forester ya chesisi SG5. Magari haya yana umri wa miaka 20 hivi, bei imeshuka, na wengi wanayanunua wakitaka yawapeleke kazini Jumatatu na kuwafurahisha Jumamosi. Tumechagua barua saba.

SWALI: Nimepata Impreza WRX ya 2004, gia za mkono, kilomita 168,000. Muuzaji anaapa injini haijawahi kufunguliwa. Nitaiendesha kila siku kutoka Rongai hadi mjini Nairobi. Niangalie nini kabla ya kutoa pesa? – Msomaji, Rongai

JIBU: Ndugu, mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine, kwa sababu sauti unazozitafuta zinataka injini iliyolala usiku kucha.

Kuna kugonga kwa aina mbili, na watu hulipia makosa ya kuzichanganya. Ya kwanza ni pistoni kugonga ukuta wa silinda. Hii husikika mara tu gari linapowashwa likiwa baridi, halafu hufifia injini inapopata joto. EJ nyingi za umri huo zinayo na huishi nayo miaka mingi. Ya pili ni beringi ya konrodi. Hii haifi kwa joto, bali huongezeka, maana oili ikipata moto huwa nyepesi na uwazi uliopo kati ya beringi na krankshafti hauna tena cha kuuziba. Injini ikishapata moto kamili, ipandishe hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha achia aksileta taratibu. Ukisikia tok-tok-tok nzito kutoka chini mizunguko inaposhuka, funga boneti ujiendee zako. Usikubali kupunguziwa bei. Chuma kilichosagika kimeshazunguka kwenye pampu ya oili, kwenye kipoza oili kilichokaa juu ya filta na kwenye turbo, na vyote hivyo ni vya kubadilishwa pamoja na krankshafti.

Chomoa dipstiki. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita 1, na injini nzima huchukua lita 4 na kidogo. Kwa hiyo gari ambalo dipstiki yake haigusi alama ya chini limepoteza robo ya oili au zaidi, na mwenyewe hana habari. Hivyo ndivyo beringi nyingi za EJ zinavyokufa: gari linakula oili kidogo kidogo, hakuna anayepima, kisha siku moja linakata kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na pampu inavuta hewa.

Sababu ya pili haizungumzwi sana. Ndani ya sampu kuna bomba la kuvutia oili, na kiungo chake kilichochomelewa hupata ufa. Pampu huanza kunyonya hewa hata kama oili imejaa. Na kama sampu imewahi kufunguliwa na fundi mwenye mkono mzito wa silikoni, ile silikoni iliyojikunja kwa ndani hukatika vipande na kuziba wavu wa bomba hilo. Angalia ukingo wa sampu kutoka chini. Ukiona silikoni imefura nje kama sentimita nzima, jua na ndani imefura vivyo hivyo.

Lipia kipimo cha kompreshani, silinda zote nne, injini ikiwa na joto na aksileta imekanyagwa hadi mwisho. Usihangaike sana na namba yenyewe, maana Nairobi iko juu na geji hutofautiana. Linganisha silinda na silinda: tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Afadhali zaidi ni kipimo cha kuvuja, ambapo fundi anajaza upepo kwenye silinda na kusikiliza unatokea wapi. Ukitokea kwenye kifuniko cha kujazia oili, ringi za pistoni zimechoka au kingo zinazozishika zimevunjika. Ukitokea kwenye ekzosi, ni vali. Ukitoa mapovu kwenye tangi la kulanti, ni gasketi ya silinda hedi.

Soma pia kibao cha chesisi, kwa sababu beji za STI (toleo kali la WRX) zinauzwa barabarani. Herufi GDA ni WRX ya kawaida, GGA ni ile ya mkia wa stesheni wagoni, GDB ndiyo STI. Impreza ya lita 1.5 iliyofungwa boneti yenye tundu la upepo haigeuki turbo. Na STI ya kizazi hicho ina gia 6. Ukihesabu 5 huku beji inasema STI, muulize muuzaji vizuri.

Mwisho, mtafute fundi mwenye kifaa kinachosoma kompyuta ya Subaru, si ile mashine ndogo ya kusoma makosa tu. Aangalie kipimo kinachoitwa IAM, ambacho kompyuta hukishusha inaposikia injini ikigonga kwa sababu ya mafuta au mchanganyiko mbaya. Kwenye kompyuta za zamani kipimo kamili ni 16, kwenye za baadaye ni 1.0. Kikiwa chini ya hapo wakati gari lina petroli nzuri, mwenyewe alikuwa akiliumiza.

Ukilinunua, kwa safari ya Rongai yenye foleni badilisha oili kila kilomita 5,000, sintetiki ya 5W-40 au 10W-40, na pima dipstiki kila unapojaza tangi. Filta iwe ya asili au inayolingana nayo: vali yake ya ndani hufunguka kwa presha kubwa kuliko ya filta nyingi za bei nafuu, ambazo hupitisha oili bila kuichuja.

SWALI: Geji yangu ya busti (presha ya turbo) inaonyesha bar 0.8 hapa Eldoret. Ndugu yangu wa Mombasa ana Forester ileile na yake inafika 0.9, na anasema langu halivuti. Turbo imechoka? – Msomaji, Eldoret

JIBU: Hapana, kaka. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na upepo wenyewe una presha ya karibu kilopaskali 79 badala ya 101 za pwani. Geji hupima kinachozidi upepo wa nje. Kwa hiyo 0.9 ya Mombasa ni 1.9 kwa jumla ndani ya injini, na hata geji yako ingefika 0.9, ndani pangekuwa na 1.7 tu. Tena kompyuta ya gari hupunguza busti kwa makusudi mahali pa juu, kwa sababu turbo hulazimika kuzunguka kasi zaidi kukusanya upepo mwembamba, na ikizidi kiasi shafti yake huumia. Usiruhusu mtu akuongezee busti ili umfikie ndugu yako. Gari lisilo na turbo lingepoteza zaidi yako.

SWALI: Fundi wa Gerezani ananiambia nibadilishe mkanda wa taimingi peke yake, vingine bado vizuri. Nimsikilize? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usimsikilize. Kwenye EJ20 ya turbo mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni hukutana na vali, na hapo unazungumzia silinda hedi mbili. Na mara nyingi si mkanda unaokatika: ni beringi ya roli moja inayokwama au tensha ya haidroli inayopoteza nguvu. Kila kilomita 100,000 badilisha vyote kwa pamoja: mkanda, tensha, roli laini, roli ya meno, pampu ya maji na thamostati. Sili za kamshafti na krankshafti zilizo mbele ni bei ndogo, ziweke papo hapo. Kama hujui gari lilibadilishwa lini, hesabu kwamba halijabadilishwa. Seti ya Aisin ina mkanda wa Mitsuboshi na roli za Koyo au NTN. Boksi likiwa la Aisin na roli hazina jina lolote, rudisha.

Msimamie fundi kwenye mambo haya. Alama ya krankshafti ni mkato mdogo ulio nyuma ya gia, unaotazama sensa iliyo juu. Ule mshale uliochorwa mbele si alama ya kufungia mkanda, na kila mwaka unaua injini za watu. Kamshafti mbili za upande wa kushoto hukaa zikisukumwa na springi za vali. Zikiachiwa ghafla huruka na vali zinaweza kugongana hata injini ikiwa imezimwa. Tensha mpya huja imebanwa na pini. Ya zamani ikilazimika kubanwa tena, ibanwe wima, polepole, dakika 3 au zaidi, la sivyo sili yake ya ndani hupasuka. Mkanda ukishafungwa, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuwasha, na alama za gia zirudi mahali pake. Mistari iliyochapwa juu ya mkanda wenyewe haitarudi, na hilo ni kawaida.

Gari lako likiwa la gia za mkono, kuna kipande kidogo cha bati karibu na gia ya krankshafti, kimekaa milimita 1 tu kutoka kwenye mkanda. Kazi yake ni kuuzuia usiruke jino gari likirudi nyuma likiwa kwenye gia. Mafundi wengi hukitupa kwa sababu kinawachelewesha. Kidai. Na bolti kubwa ya puli ikazwe kwa tokwenchi kwa kipimo cha kitabu cha warsha cha mwaka wa gari lako, kwani ikilegea puli hucheza na kula njia ya ufunguo kwenye krankshafti, na krankshafti hiyo haitengenezeki kirahisi.

SWALI: Forester yangu inachemsha kwenye foleni ya Likoni, lakini ikishika barabara kuu mshale unashuka. Nimeshabadilisha rejeta. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Inachemsha ikisimama na kupoa ikienda, basi anza na feni. Washa kiyoyozi: zote mbili zinapaswa kuzunguka. Moja ikilala, angalia fyuzi, relei na mota, kwa utaratibu huo. Ingekuwa kinyume, yaani inachemsha mlimani kwa kasi na kutulia kwenye foleni, tungeshuku rejeta iliyoziba au gasketi.

Feni zikiwa nzima, shuku hewa iliyonaswa baada ya kazi ya rejeta. Subaru ya turbo ina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la chuma lililo juu, karibu na turbo. Vifuniko hivyo havina presha sawa na havibadilishani. Cha tangi la juu ndicho hupumua kwenda kwenye chupa ya akiba. Fundi akivikosea, mfumo hupumulia mahali pasipofaa na hewa hubaki ndani. Kujaza hufanyika kwenye tangi la juu, taratibu, nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa, hita ya ndani ikiwa imewekwa kwenye joto la juu kabisa. Kisha injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi hadi feni ziwake na kuzima mara mbili au tatu, huku ukiongeza. Bomba la juu na la chini la rejeta yote yawe moto. La chini likibaki baridi, thamostati haifunguki. Tumia thamostati ya asili, inayofunguka karibu nyuzi 78: zile nyepesi za dukani hupitisha maji kidogo mno kwa injini hii. Na usikubali kuendesha bila thamostati kabisa, ushauri maarufu sana wa pwani. Injini haitapata joto lake, kompyuta itamwaga petroli nyingi, na petroli hiyo itaosha oili kwenye silinda.

Mapovu yakiendelea kupanda kwenye tangi la juu baada ya yote hayo, na chupa ya akiba inafurika, pimisha gesi ya ekzosi kwenye kulanti kwa dawa inayobadilika rangi. Gasketi hizo za EJ20 ya turbo si dhaifu kama za EJ25 isiyo na turbo, lakini gari lililochemka mara nyingi hupinda silinda hedi.

SWALI: Nilipasukiwa tairi moja, nikanunua moja mpya. Sasa gari (Forester, otomatiki) linashtuka-shtuka nikikata kona kali kwenye maegesho. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada, tairi jipya ni kubwa kuliko yale matatu yaliyoisha, hivyo linazunguka mara chache. Magurudumu manne yakiwa yameunganishwa, giaboksi inalazimika kumeza tofauti hiyo kila mita unayokwenda, na klachi ya kugawa nguvu ndani yake inachoka. Mzingo wa matairi usitofautiane zaidi ya milimita 6. Pima kwa utepe wa fundi cherehani kuzunguka tairi, upepo ukiwa sawa.

Kwa sasa, kama kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti kuna nafasi iliyoandikwa FWD, weka fyuzi ya ampea 15 hapo, na nguvu itabaki mbele tu. Mshtuko ukiisha, klachi bado inaachia na matairi manne yanayolingana yanaweza kukuponya, pamoja na kubadilisha oili ya giaboksi. Usipoisha, klachi imekwama na kazi ni ya kufungua mkia wa giaboksi. Wenye gia za mkono hawana fyuzi hiyo. Kwao kinachokufa ni viskasi (kiungo cha mnato) ya difu ya kati. Ukipasukiwa tena, nunua mawili au manne, au tafuta mtumba uliolika kwa kiwango kilekile.

SWALI: Nina WRX ya 2003. Nataka filta ya koni, ekzosi kubwa, na ile vali ya kutoa mlio wa "pssh". Nianze na nini? Gari ni la kila siku. – Msomaji, Thika

JIBU: Tuanze na "pssh" kwa kuwa ndiyo inayoombwa zaidi na yenye faida ndogo zaidi. Sensa ya MAF, inayopima upepo unaoingia, iko mwanzoni mwa njia ya upepo na imeshahesabu kila gramu inayopita. Vali ya asili hurudisha upepo ndani ya bomba la turbo, hivyo hesabu inabaki sahihi. Ukiutoa nje, kompyuta inamwagia petroli upepo ambao haupo tena. Matokeo yake ni plagi kuwa nyeusi, gari kukohoa kati ya gia, na miale ya moto nyuma ambayo wengine huidhania ni nguvu. Kwa gari la kila siku, iache ya asili.

Filta ya koni ina tatizo kama hilo kwa njia nyingine. Kipenyo cha bomba lililoshika MAF kikipanuka, sensa inasoma upepo kidogo kuliko ulioingia, na petroli inapungua wakati injini inaihitaji mno. Koni pia huvuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na oili yake huganda kwenye waya wa sensa. Boksi la asili lenye filta safi linatosha hadi kama nguvu farasi 300, na turbo yako ya TD04 haitafika huko.

Ekzosi ndiyo inayobadilisha gari kweli, hasa bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. Lakini likifunguka, turbo huzunguka kirahisi, busti hupanda kupita ilivyopangwa, na kompyuta hukata petroli ghafla kama mtu amekanyaga breki. Kukatwa huko ni ulinzi, usikuondoe kwa kidude cha kudanganya sensa. Bomba na kupangwa upya kwa programu ya kompyuta vinunuliwe siku moja. Kumbuka kwamba WRX za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya oktani ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki huko, kwa hiyo hata gari ambalo halijaguswa linafaidika kupangiwa mafuta ya hapa. Usikubali faili lililotumwa kutoka ng'ambo bila kupimwa. Anayepanga afunge sensa pana ya oksijeni na asome: mzigo mzima, uwiano wa upepo kwa petroli uwe karibu 11 hadi 11.5, busti ya TD04 isizidi 1.1 na ishuke kuelekea 0.8 mizunguko ikipanda, injekta zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 hadi 90 ya muda wake. Plagi ziwe mpya kabla ya kupanga, NGK PFR6G, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8.

Pistoni za injini hii ni za kumiminwa, na kingo zinazoshika ringi ni nyembamba. Mlipuko wa wakati usiofaa mara chache tu kwenye mzigo mzima na ukingo unavunjika. Gari litaendelea kutembea, lile oili, litoe moshi, na kompreshani ya silinda moja iwe chini. Giaboksi ya gia 5 nayo ina sifa mbaya: kuondoka kwa fujo kwenye lami kavu huvunja meno ya gia ya kwanza hadi ya tatu. Iwekee 75W-90 ya GL-5, lita 3.5, na 0.8 kwenye difu ya nyuma.

Ungetuuliza pesa ziende wapi kwanza, tungesema bushi za mikono ya mbele, shokapu nne, matairi mazuri ya 205/55R16, pedi bora na oili ya breki ya DOT 4 mpya. Barabara ya Thika ina matuta na malori, na gari linalosimama vizuri hulitumia turbo lake zaidi kuliko lenye busti nyingi na breki zinazochemka. Kama una Forester ya turbo yenye diski za mbele za milimita 294, kalipa za pistoni 4 za Impreza huingia kwenye bolti zilezile, mradi rimu iwe inchi 16 au zaidi. Usikate springi. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza iliyoinuliwa juu, si iliyolala chini.

SWALI: Je, lazima niache injini ikinguruma dakika kadhaa kabla ya kuzima ili turbo ipoe? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ukiwa umetoka sokoni taratibu, hapana. Turbo ya Subaru hupozwa pia kwa maji, na tangi la juu huyafanya yaendelee kuzunguka yenyewe baada ya kuzima. Ukiwa umepanda kwa kasi kutoka Moshi, endesha kilomita 2 za mwisho bila busti, au acha injini ikinguruma dakika 1.

Kinachoua turbo hizi zaidi ni njaa ya oili. Kwenye matoleo mengi yenye vali za kubadili muda, bolti yenye tundu inayopeleka oili kutoka kwenye silinda hedi ya kulia ina wavu mdogo ndani, na ukiziba kwa tope la oili ya zamani, shafti ya turbo hukauka. Mwambie fundi aifungue wakati wa mkanda wa taimingi, ausafishe au aubadilishe, na aweke washa mpya za shaba pande zote mbili.